Siku Jino la Barafu Lilipong'oka Mlangoni pa Bwalo

Njooni mketi, enyi mabwana na mabibi; walio nje na waingie, na aingiaye wa mwisho aufunge mlango, kwani baridi ya kisa hiki haina masihara. Sikuwaita niwasimulie habari za wafalme walioteka ngome, wala za majemadari waliovuka mito mikuu juu ya migongo ya farasi. Hao wamekwisha kusifiwa hata wakavimba makaburini mwao. Nimewaita niwape habari ya vita iliyopiganwa mchana kweupe mbele ya bwalo la chakula, katika chuo kikuu cha mji wetu wa Karabel, mashariki ya Anatolia, mwaka ule mataifa yalipoahidi kutuletea vijana wao washindane juu ya theluji. Na shujaa wa vita hiyo, msicheke kabla ya wakati, ni mimi: Seyfettin mwana wa Zekeriya, mwalimu wa historia ya kale, simba wa maktaba, mtimua vumbi la chaki, amiri wa madarasa yenye viti vitupu, ambaye magoti yake hugongana akipanda juu ya kiti kubadilisha balbu.

Fahamuni kwamba tangu ilipotangazwa ya kuwa Michezo ya Vyuo Vikuu ya majira ya baridi itafanyika kwetu, chuo kizima kilijifunga kibwebwe. Mabweni yalipakwa rangi hata harufu yake ikafika sokoni. Vitanda vilirefushwa kwa mbao, maana ilisemekana kwamba wacheza magongo ya barafuni wa Kanada hulala miguu ikiwa nje. Maprofesa wa kemia, watu wazima wenye mvi, walifundishwa kukunja shuka. Na wanafunzi wa sheria walipita wakiokota vipande vya sigara kwenye theluji, kila mmoja akiapa kwamba si vyake. Juu ya hayo yote alisimama Mkuu wa Chuo, Profesa Tahsin, mwenye masharubu kama mbawa za tai na sauti ya kutikisa vioo, naye akagawa kamati kama sultani agawavyo majimbo. Huyu akapewa uwanja wa barafu, yule akapewa mabasi, mwingine bendera. Zamu yangu ilipofika alinikazia macho kwa muda mrefu, kama mtu atazamaye kiatu ambacho mwenzake amepotea.

"Mwalimu Seyfettin," akasema, "wewe utashika milango."

"Milango, Mheshimiwa?"

"Milango. Ifunguke, ifungike, wageni waingie bila kuumia. Utaweza?"

Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikanena kwa sauti niliyodhani ni ya kishujaa: "Mheshimiwa Mkuu, tangu enzi za Wahiti mlango umekuwa ndio uso wa mji! Naupokea uso huo kwa mikono miwili, wala sitaonja usingizi mnono mpaka bawaba ya mwisho ya chuo hiki iwe imepakwa mafuta!"

"Keti, mwalimu," akasema Mkuu. "Na umchukue Jevdet."

Huyo Jevdet ndiye aliyekuwa jeshi langu lote. Ni mwalimu wa fizikia, rafiki yangu tangu utotoni, mnene, mwenye kicheko kama maji yachemkayo birikani, na hajapata kunionea huruma hata siku moja. Tukapita naye mlango hadi mlango tukiwa na kopo la mafuta, na ninawaambieni, bawaba za chuo kile ziliimba kama kinanda kisha zikanyamaza kabisa. Nilianza kujiona mtu. Ndipo lilipotokea Jino.

Ilikuwa hivi. Baada ya theluji kubwa kuanguka, jua lilichungulia, na maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye paa la bwalo, palepale juu ya mlango mkuu. Jioni yakaganda. Kesho yake yakadondoka tena, yakaganda tena, mpaka likaota pale jino la barafu lenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, nene juu kama paja la kondoo dume, chini limechongoka kama shazia ya kushonea magunia. Wanafunzi wakaliita Jino tu, na wote wakapita chini yake mbio, vitabu vimewekwa kichwani. Upepo ulipovuma lililia kidogo, nyiii, kama linalojishauri limwangukie nani.

Ningaliwaita mafundi, lakini mafundi wote, pamoja na ngazi zao ndefu, walikuwa mlimani wakitengeneza miteremko ya kutelezea. Ningalifungua mlango wa nyuma. Lakini nyuma yake yalikuwa yamepangwa magodoro mapya ya wanamichezo mpaka darini, hata panya angalilazimika kuomba njia. Na siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, ndiyo siku ambayo ujumbe wa wakaguzi ungekuja kula katika bwalo hilohilo, ukiongozwa na Bi Ragnhild wa Norwei, mwanamke mrefu kama mlingoti, aliyekuwa amekuja kwetu mara nyingi hata akajifunza lugha yetu kwa namna ya kuipindapinda. Wao ndio wangeamua kama wanamichezo wakae na kula chuoni kwetu, au wapelekwe kwenye hoteli za mji wa jirani, ambao hata kuutaja jina sitautaja, maana watu wake wanajisikia.

Asubuhi ya siku hiyo nilisimama mbele ya bwalo pamoja na jeshi langu, tukilitazama Jino, nalo likitutazama. Mlango ukafunguka, akatoka Bi Gulizar, mpishi mkuu: mjane mwenye mabega ya mwanamiereka, aproni nyeupe, na ulimi uliopita wembe kwa makali.

"We mwalimu, hilo dude lako bado lipo tu?"

"Mama Gulizar," nikanena, nikiunyosha mkono kuelekea paani, "adui huyu amekwisha kupimwa. Kabla jua halijafika utosini, atalala miguuni pako vipande vipande!"

"Usinilaze kitu miguuni, mwanangu. Wewe litoe tu." Kisha akashusha sauti, akanisogelea. "Sikia, mimi sitanii. Nina wanawake wa mtaa wa chini humo jikoni, tangu kiangazi nawafundisha. Wengine hawajawahi kushika mshahara. Hawa wazungu wakisema mlango wako ni wa hatari, wakapeleka watu wao kwingine, hawa nitawaambia nini? Rudini nyumbani mkatazame madirisha?"

Nikaushusha mkono wangu. Nilisema tu, "Nitalitoa." Naye akanitazama kama mtu anunuaye tikiti maji asilolipiga kofi, akarudi ndani.

Shambulio la kwanza lilikuwa la kutokea mbali. Nikalifinyanga bonge la theluji, nikalibana mpaka likawa gumu kama jiwe, nikarudi nyuma, nikaguta jina la babu yangu, nikalirusha kwa nguvu zote za ukoo wetu. Likapita kushoto kwa Jino, likapita juu ya taa, likajiingilia dirishani jikoni kwa utulivu kama mwenye nyumba.

Kisha Bi Gulizar akatoka tena, kilemba chake kina theluji upande mmoja.

"Nani kanitilia theluji kwenye dengu zangu?"

Jevdet alininyooshea mikono yote miwili.

"Ulikuwa mkono wa historia, mama," nikasema.

"Basi uambie huo mkono wa historia, ukija tena jikoni kwangu nitaukaanga."

Shambulio la pili aliliongoza Jevdet, akisema kwamba elimu yake iko upande wetu, kwani maji ya moto huyeyusha barafu na hilo halibishaniwi hata msikitini. Tukaazima birika kubwa la chai. Nikasimama juu ya kiti, naye akikishika, nikayarusha maji juu kwa ufundi mkubwa. Ukapanda mvuke mweupe, wa fahari, kama moshi wa mizinga. Na ulipotawanyika tukaona kwamba nusu ya maji imegandia palepale juu ya Jino, nalo limenona na kung'aa kuliko kwanza, na nusu nyingine imenirudia mwilini, koti langu likaganda likawa kama ubao wa matangazo.

Jevdet akalitazama Jino, akanitazama mimi. "Umelinenepesha," akasema. "Endelea hivyohivyo, Krismasi ya wenzetu tutalichinja."

"Wewe si ndiye uliyesema fizikia iko upande wetu?"

"Iko upande wetu. Sisi ndio hatuko upande wake."

Jua lilikuwa limepanda. Nikamwambia Jevdet alete ngazi ya maktaba, ile ya mbao ya kufikia rafu za juu, ambayo kwa miaka yote ya kazi yangu nilikuwa nikiwaomba wanafunzi waipande kwa niaba yangu, nikisingizia mgongo. Akaileta, akaiegemeza ukutani kando ya mlango, akaishika. Hakucheka. Ndipo nilipojua kwamba mambo ni mazito.

Bi Gulizar naye akatoka na mti wake wa kusukumia unga, mrefu kama fimbo ya mchungaji. "Chukua," akasema. "Marehemu mume wangu aliuogopa. Labda na hilo litauogopa."

Basi akapanda, mwana wa Zekeriya! Akapanda, simba wa maktaba, koti limemgandia, masikio yamekuwa mekundu kama pilipili, mti wa unga umebanwa kwapani. Na kila alipoweka mguu ngazi ililia, na kila ilipolia naye alilia kidogo, kwa siri. Enyi mnaosema kwamba ngazi ile ni fupi, nanyi mliosema hivyo siku ile mkiwa mmeegemea ukuta na glasi za chai mikononi, jueni kwamba urefu haupimwi kutokea chini. Kutokea juu, theluji ilikuwa mbali kama utoto wangu. Nikafika usawa wa paa. Nikauinua mti, nikalipiga Jino kwenye shina lake pigo moja ambalo ningependa wasifiwe nalo wajukuu wangu; nalo halikutikisika. Glavu yangu iliyoganda ikateleza, mti ukanitoka, ukamwangukia Jevdet begani.

"Aa! Unapigana na nani huko?"

Nikatazama chini kuona alivyoumia. Heri nisingetazama. Uwanja wote ulizunguka, magoti yakaanza mazungumzo yao, na mikono yangu, pasipo kuniomba ruhusa, ikakishika kitu kilichokuwa karibu kuliko vyote. Nikalikumbatia Jino. Nikalikumbatia kwa mikono miwili na shavu, kama mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea vitani.

Na wakati huohuo, kutoka kona ya maktaba, wakiwa wamewahi kuliko tulivyotarajia kwa sababu wageni wa kaskazini huwahi, ulitokeza ujumbe wa wakaguzi, makoti yao marefu, beji zao shingoni, na mbele yao Profesa Tahsin akipunga mkono na kuonyesha madirisha mapya.

"Shuka!" Jevdet akaninong'oneza kwa ukali. "Seyfettin, wamekuja, shuka!"

"Siwezi."

"Basi liachie hilo, nikushike miguu."

"Hilo nalo siwezi."

Ndipo nikasikia sauti ndogo, tak, kama ya mtu avunjaye kipande cha sukari kwa meno kabla ya kunywa chai. Pigo langu, maji yetu ya moto, na uzito wa mwalimu mmoja mwenye hofu vilikuwa vimetenda kazi kwa pamoja. Jino liling'oka. Lilikuwa mikononi mwangu zima, zito kama mwana-kondoo, ncha yake imeelekea kizingitini, na watu waliokuwa wakija walikuwa wanakuja kizingitini hapohapo. Sikuweza kuliachia. Sikuweza kushuka nalo. Nilisimama juu kama sanamu ya kitu ambacho hakuna taifa lililowahi kukiabudu.

Bi Ragnhild akasimama, akainua kichwa. "Mkuu," akasema kwa lugha yetu ya kupindapinda, "yule mtu, juu, yeye fanya nini?"

Profesa Tahsin akanitazama. Niliona masharubu yake yakisimama wima, yakilegea, yakisimama tena. Kisha akakohoa, na naapa sijapata kuona jemadari aliyegeuza kushindwa kuwa ushindi kwa upesi namna ile.

"Yule? Ah, yule ni mila yetu, Bi Ragnhild! Mgeni mheshimiwa akija wakati wa baridi, mwenyeji hupanda juu ya mlango akaikamata barafu kwa mikono yake. Maana yake ni kwamba baridi yote tumeishika sisi. Wewe ingia kwenye joto."

Nami, mwalimu wa historia, niliyewahi kumnyima mwanafunzi alama kwa uongo mdogo kuliko huo, niliitikia kwa kichwa.

"Oo," akasema Bi Ragnhild, na macho yake yakalainika. "Nzuri sana. Nzuri sana hii. Picha!"

Wakaja wote chini yangu. Wakapanga mstari, wakatabasamu, wakabadilishana nafasi ili aliyepiga naye apigwe. Bi Ragnhild alisimama katikati, utosi wake umeelekea sawasawa na ncha ya Jino. Barafu ilianza kuyeyuka kifuani pangu, maji yakaingia mkononi mwa koti, yakateremka kwapani, yakaendelea na safari yao mahali ambapo historia haiendi. Vidole sikuvisikia tena. Na pale dirishani jikoni niliwaona wanawake wa Bi Gulizar wamejazana, miko mikononi, wananitazama mimi. Wala sikuwahi kabla ya hapo kutazamwa na watu wengi namna ile waliokuwa wananihitaji. Nikalibana Jino kwa kidevu. Nikalibana kwa meno ya moyo, kama yapo.

"Aseme kitu!" Bi Ragnhild akaomba. "Mtu wa mila aseme kitu!"

"Sema, mwalimu," akasema Mkuu, akitabasamu kwa midomo na kuniua kwa macho.

Maisha yangu yote nilikuwa nimeisubiri hadhira. Nikafungua kinywa, na meno yakagongana. "Ka-ka-ka-ri-ri-bu-ni-ni-ni," nikanena.

"Hii ni lahaja ya kale?" akauliza.

"Ya kale mno," akasema Mkuu.

Jevdet, aliyekuwa ameishika ngazi na kuyaficha machozi ya kicheko nyuma ya skafu, alinihisi nikiyumba. Kicheko kikamwisha. "Kaka, shikilia," akasema taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kidogo tu. Nipo hapa. Shikilia."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na Bi Gulizar akajaa kizingitini, mikono kiunoni.

"Jamani, supu inapoa! Mila mtaitazama mkishashiba, haitakimbia! Ingieni, ingieni, mama ingia, wewe baba mwenye miwani nawe ingia, msiniachie mlango wazi nikapashe joto mlima!"

Hakuna mtu duniani, wa taifa lolote, ambaye Bi Gulizar humwambia ingia akabaki nje. Wakaingia mmoja mmoja chini ya ncha ya kifo, wakipangusa viatu. Wa mwisho, mzee mmoja wa Kijapani mwenye adabu nyingi, alisimama kizingitini, akageuka, akaniinamia kwa heshima. Nami nisingeweza kumwinamia bila kumwua, kwa hiyo nikampepesea macho. Akaridhika, akaingia. Mlango ukafungwa.

"Jevdet," nikasema, "ondoka."

Aliruka. Nikaifungua mikono. Jino likashuka likimeta, likapiga ngazi za mawe kwa mlio wa kabati zima la vyombo vya harusi, likatawanyika, na kipande kimoja kisicho na adabu kikampata Jevdet kidole cha mguu. Nayo ngazi ya maktaba, kwa kuwa hakuna aliyeishika tena, ikaniteremsha polepole ukutani na kunilaza chali kwenye lundo la theluji, nikitazama paa lililokuwa tupu. Tupu kabisa! Halina hata tone!

Tulipoingia bwaloni, mimi nikitembea kama mlango na Jevdet akichechemea, wageni walikuwa kwenye bakuli la pili. Bi Gulizar alikuwa amewapa supu ya dengu yenye siagi na mnanaa, mkate wa moto, na nyama ya kondoo iliyokatwa vipande vyembamba. Bi Ragnhild alipangusa mdomo, akasimama, akasema bila hotuba yoyote: "Sisi tumeona kutosha. Vijana kula hapa, lala hapa." Sauti ikatoka jikoni, si ya kushangilia hasa, ilikuwa ya miko ikigonga masufuria, ikagonga, ikagonga, na nilimwona Bi Gulizar amegeukia ukutani, akijifanya anatafuta chumvi.

Wakaniketisha mbele ya bakuli. Nikajaribu kukishika kijiko, kikaanguka. Nikakiokota kwa viganja viwili kama sokwe, kikaanguka tena. Mikono iliyolibeba Jino haikuweza kubeba dengu. Ndipo Bi Gulizar alipokuja, akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akakitwaa kijiko, akachota, akapuliza, akanilisha, mbele ya macho ya mataifa. Mimi, mtu mzima, mwenye shahada!

Bi Ragnhild akainua macho kutoka kwenye chai yake. "Na hii," akauliza kwa heshima, "hii pia mila?"

Profesa Tahsin, aliyekuwa ameishiwa uongo, akatazama mkate.

"Hii ndiyo ya kale kupita zote, mama," akasema Bi Gulizar bila kugeuka. "Haya mwalimu, achama."

Basi na isemwe na wenye kusema, na iandikwe na wenye wino, ipigiwe ngoma na zumari kutoka Karabel mpaka ule mji nisioutaja jina: ya kwamba katika majira ya baridi ya mwaka ule adhimu, mlango wa bwalo ulipitwa na wageni wote wakiwa wazima, kwamba hakuna aliyejeruhiwa ila bega moja na kidole kimoja, vyote vya Jevdet, na kwamba Seyfettin mwana wa Zekeriya, mshindi wa Jino, mlinzi wa vizingiti, aliachama, akalishwa, akaomba ya pili, akapewa.